Mikono 10,000 Mezani

Kijana mmoja rafiki yangu, aliyenizidi akili ya hesabu tangu siku ya kwanza nilipomfahamu, alinipigia simu saa tano usiku. "Kaka, nimeipata," alisema. Sikumuuliza amepata nini. Kwa miezi mitatu alikuwa hana mazungumzo mengine ila bakarati, mchezo wa karata wa kasino ambao unabashiri upande upi utashinda, Benki au Mchezaji. Kesho yake asubuhi alikuja na karatasi kumi na mbili zilizojaa viduara, safu kwa safu: chekundu maana yake Benki imeshinda, cha buluu Mchezaji ameshinda. Alikuwa ameonja ushindi usiku tisa kati ya kumi na moja.

Makala hii nimeiandika kwa ajili yake kwanza. Lakini swali lake naulizwa na kila mtu anayejua kwamba niliwahi kuhesabu karata: je, michezo ya karata ya kasino inapigika kweli? Inapigika. Mmoja wapo, blekijeki, ulithibitishwa kwa hesabu zaidi ya miaka sitini iliyopita, na hakuna aliyewahi kuutengua uthibitisho huo. Tatizo ni kwamba wengi wanaodai kuupiga hawaupigi, na wachache wanaoupiga kweli mara nyingi hawawezi kukuonyesha hivyo kwa pesa walizonazo mfukoni. Hilo la pili lilinichukua muda mrefu kulielewa, na ndilo nataka tulikalie.

Kwanza, kwa nini karata. Gurudumu la ruleti halina kumbukumbu. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, mpira ulitua kwenye nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakawa wanamwaga pesa kwenye nyekundu wakiamini kwamba zamu yake imefika. Nyekundu haikuwa na zamu. Mzunguko wa 27 ulikuwa na nafasi zile zile za mzunguko wa kwanza. Karata siyo hivyo. Pakiti ina ree nne. Zikitoka tatu imebaki moja, na aliyeziona zikitoka anajua jambo ambalo jirani yake aliyekuwa akiangalia simu halijui. Pakiti inapungua, na kila karata inayotoka inabadilisha maana ya zilizobaki. Ufa wote uko hapo.

Mwaka 1956 Roger Baldwin na wenzake watatu, waliokutana katika jeshi la Marekani, walichapisha kwenye jarida la wanatakwimu namna bora ya kucheza kila mkono, yaani kila mgao wa karata, wa blekijeki, mchezo wa kushindana na mgawaji kuikaribia 21 bila kuivuka. Kazi yote waliifanya kwa mashine za mezani za kujumlisha. Walionyesha kwamba mtu akicheza bila kosa, nyumba, yaani kasino, inabaki na faida isiyofika asilimia 1. Edward Thorp, mwanahisabati kijana aliyekuwa chuo cha MIT huko Marekani, akauliza kilichofuata: itakuwaje pakiti ikishapungua? Aliipa kompyuta ya IBM 704 kazi ya kuondoa karata za aina moja baada ya nyingine na kuupima mchezo upya. Zilipoondolewa tano zote nne, mchezo uligeuka. Faida ikahama kutoka kwa nyumba kwenda kwa mchezaji, na ilikuwa zaidi ya asilimia 3. Mwaka 1961 alikwenda Nevada na dola 10,000 za wafadhili wawili, akaziongezea nyingine 11,000 hivi. Mwaka uliofuata akachapa kitabu, na siri ikawa ya kila mtu.

Kwa nini tano, na si karata ya kifalme? Kwa sababu mgawaji hana hiari. Akiwa na 16 analazimika kuchukua karata, na tano inampa 21 kamili. Kumi ingemvusha na kumuangusha. Wewe mwenye 13 unaruhusiwa kukaa kimya na kumwacha ajiangushe mwenyewe. Zaidi ya hapo, ree na kumi zikikutana mkononi mwako unalipwa tatu kwa mbili. Zikikutana mkononi mwa mgawaji unapoteza dau lako tu, si zaidi. Karata kubwa zikijaa kwenye kilichobaki, mezani kuna neema yako. Zikijaa ndogo, neema ni ya nyumba.

Mbinu inayotumika zaidi kuhesabu karata, iliyotolewa na Harvey Dubner mwaka 1963, inaweza kufundishwa kwa dakika moja. Mbili hadi sita, jumlisha moja. Saba, nane na tisa, ziache. Kumi, ghulamu, malkia, mfalme na ree, toa moja. Jumla unayoipata unaigawa kwa idadi ya pakiti ambazo hazijachezwa.

Kuifundisha ni dakika. Kuizoea ni miezi. Nilijifunza usiku, kwa pakiti moja iliyochakaa hadi pembe zake zikawa laini kama kitambaa. Unachomoa karata moja bila kuitazama, unaifunika pembeni. Unazipindua 51 zilizobaki haraka uwezavyo huku ukihesabu. Ukimaliza na jumlisha moja, ile iliyofunikwa lazima iwe kubwa. Ukimaliza na toa moja, ni ndogo. Ukimaliza na sifuri, ni saba, nane au tisa. Mwanzoni nilitumia dakika mbili na bado nilikosea. Kisha siku moja jicho lilianza kuona jozi badala ya karata: mfalme na nne zinafutana, ree na sita zinafutana, unazipita bila kutamka namba kichwani. Nilipofika chini ya sekunde 30, na karata iliyofunikwa ikawa ile niliyoitaja mara ishirini mfululizo, nilijiona nimeshika ufunguo wa mlango wa dunia nzima.

Ufunguo ulikuwa wa kweli, ila mlango wake ni mwembamba mno. Kwenye meza yenye masharti mazuri, mtu anayecheza kwa mkakati wa msingi, ile namna bora ya akina Baldwin, bila kuhesabu anaiachia nyumba takriban asilimia 0.5. Kila alama moja ya hesabu, baada ya kuigawa kwa pakiti, inakurudishia karibu nusu asilimia. Kwenye moja mko sawa. Kuanzia mbili uko juu, na hapo ndipo unapandisha dau. Kwa jumla, mhesabuji hodari anacheza akiwa na faida ya kama asilimia 1.

Asilimia 1 ni kitu gani hasa? Chukua mtu mwenye faida hiyo anayeweka dau lile lile kila mkono. Mhesabuji hachezi hivyo, lakini hesabu inakuwa nyepesi kuifuata. Katika mikono 10,000, ambayo ni zaidi ya saa 140 za kukaa mezani, anatarajia kupata madau 100. Ila bahati nayo inayumba. Mkono mmoja unayumba kwa dau moja na kidogo, na katika mikono mingi kuyumba huko kunakua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mikono. Kwa mikono 10,000 tunapata kama madau 115. Soma tena namba hizo mbili zikiwa pamoja: unatarajia 100, na unayumba 115. Maana yake mchezaji bora kabisa, asiyekosea hata mkono mmoja, ana nafasi ya karibu moja katika tano ya kumaliza mikono yote hiyo akiwa amepoteza pesa.

Sasa mgeuze. Mchukue mtu asiyehesabu chochote, anayeiachia nyumba asilimia 0.5 yake kwa kila mkono. Baada ya mikono 10,000 anatarajiwa kuwa chini kwa madau 50, na anayumba kwa 115 zile zile. Mmoja katika watatu wa watu kama huyo atamaliza akiwa juu. Saa 140 za mchezo, pesa zimeongezeka, ameshuhudia kwa macho yake. Utamwambia nini akusikilize? Atakutolea mfano wa maisha yake mwenyewe, na mfano huo hausemi uongo kuhusu yaliyomtokea. Unasema uongo kuhusu sababu tu.

Mimi nilitunza daftari. Kila kikao niliandika saa niliyoanza, saa niliyomaliza, mikono kwa makadirio, na nilivyotoka, kwa madau ya chini ya meza. Ukurasa wa mwisho una mikono kama 9,000, na chini yake mstari umeandikwa: toa 62. Nilikuwa napandisha dau kutoka moja hadi nane, kwa hiyo kuyumba kwangu kulikuwa zaidi ya mara mbili ya kule nilikoeleza hapo juu. Je, nilicheza vizuri nikakosa bahati? Au kuna makosa niliyoyafanya saa nane usiku, macho yakiwa mazito, yaliyoila asilimia 1 yote bila mimi kujua? Daftari haliwezi kunijibu. Lingeweza baada ya mikono labda laki moja, na sikufika huko, kwa sababu nyumba nayo ina la kusema.

Hili watu hulisahau wanapozungumzia hesabu. Mchezo unapigika, ila anayeumiliki mchezo hajafungwa mikono. Mwezi Aprili 1964 kasino za Las Vegas zilibana masharti ya blekijeki kwa kuwaogopa wahesabuji. Wateja wa kawaida wakasusa, na baada ya muda mfupi masharti ya zamani yakarudi. Tangu hapo kasino zimekuwa zikibana kwa utaratibu zaidi. Pakiti moja ikawa sita au nane. Karata ya kukatia ikasogezwa ili zichangwe upya kabla hesabu haijapata uzito. Zikaja mashine zinazochanga mfululizo: karata zilizochezwa zinarudishwa ndani baada ya mkono, na kumbukumbu yote niliyoisifu inafutwa. Kuna pia meza zinazolipa ree na kumi kwa sita kwa tano badala ya tatu kwa mbili. Inaonekana ni jambo dogo. Lakini mkono huo hutokea kama mara moja katika mikono 21, na kila ukitokea unapungukiwa sehemu tatu za kumi za dau lako. Hiyo pekee ni kama asilimia 1.4, yaani faida yote ya mhesabuji hodari imekwenda na chenji juu yake. Ukikuta meza ya sita kwa tano, simama uondoke, hata kama unacheza kwa kujifurahisha tu.

Na mwisho kabisa wapo watu. Jioni yangu ya mwisho kwenye kasino moja, hesabu ilikuwa imepanda nikaongeza dau hadi nane. Mgawaji hakugawa. Alitazama juu ya bega langu. Mwanamume mwenye suti alisogea hadi ubavuni mwangu, akaweka kiganja chake juu ya kitambaa cha meza, taratibu, karibu na dau langu lakini bila kuligusa. "Bwana, unakaribishwa kucheza mchezo mwingine wowote humu ndani," alisema. "Blekijeki, hapana." Alikuwa na adabu kuliko watu wengi niliowahi kukutana nao. Nilihisi uso unawaka, kana kwamba nimekamatwa naiba, ilhali sikuwa nimefanya lolote zaidi ya kufikiri. Bado naamini kwamba hilo si haki. Anayekaribisha watu kwa mchezo wa akili kisha akamtoa mwenye kutumia akili anauza kitu asichokuwa nacho. Ken Uston, mhesabuji karata maarufu, aliamini hivyo pia, na mwaka 1982 Mahakama Kuu kabisa ya jimbo la New Jersey ilikubaliana naye kwamba kasino za huko haziwezi kumfukuza mtu kwa sababu ya kuhesabu tu. Lakini sehemu nyingi duniani kasino inabaki na haki ya kumkataa mteja, na hata New Jersey hakuna anayeizuia kuchanga karata mapema ukiongeza dau.

Ndiyo maana waliofanikiwa zaidi walikuwa timu. Al Francesco alianzisha mtindo huo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wanafunzi wa MIT wakaufuata kuanzia karibu na mwaka 1980: wahesabuji wanakaa meza mbalimbali na madau madogo, na mwenye pesa nyingi anaitwa kwa ishara meza ikishakuwa nzuri. Watu hukumbuka ule ujanja wa ishara. Mimi naona faida kubwa ilikuwa kwenye mfuko mmoja. Watu kumi wanaokusanya mikono yao pamoja wanafika kwa miezi mahali ambapo mmoja angefika kwa miaka, mahali ambapo bahati inaanza kunyamaza na faida ndogo inaanza kusikika.

Turudi kwenye viduara vya rafiki yangu. Bakarati ni mchezo wa karata, unatoka kwenye kisanduku cha pakiti nane, karata 416 zinazopungua kama za blekijeki. Kwa nini basi haupigiki kwa kuhesabu? Kwa sababu ndani yake hakuna anayeamua chochote. Karata ya tatu inachukuliwa kwa kanuni iliyoandikwa, kwa upande wa Benki na wa Mchezaji pia, na karata inayowapendelea wa huku inawapendelea wa kule karibu sawasawa. Thorp mwenyewe aliupima na mwenzake, akakuta nafasi za kuweka dau la Benki au la Mchezaji kwa faida ni chache na ndogo kiasi kwamba hazilipi muda wa kuzisubiri. Nyumba inachukua asilimia 1.06 kwa anayewekea Benki, 1.24 kwa anayewekea Mchezaji, na zaidi ya 14 kwa anayewekea sare.

Nilimwomba rafiki yangu atazame jambo moja tu. Nyumba ile ile inayoleta mtu wa suti ukihesabu blekijeki, kwenye bakarati inakupa karatasi na kalamu bure. Inakuwekea skrini inayoonyesha viduara vyote vilivyopita, nyekundu na buluu, ili usichoke kuandika. Ingekuwa viduara hivyo vinaitoboa, ingekuhudumia hivyo?

"Lakini usiku tisa kati ya kumi na moja, kaka."

"Na ile miwili?"

"Ile miwili niliharakisha."

Mfumo wake, ukiuondolea rangi, ulikuwa kongwe: akipoteza anaongeza dau maradufu, hadi mara nane. Moja, mbili, nne, hivyo hivyo hadi 128. Akishinda popote njiani anapata dau moja. Akishindwa mara nane mfululizo anapoteza 255. Kwa anayewekea Mchezaji, sare zikiwekwa kando, kushindwa mara nane mfululizo hutokea kwa wastani mara moja katika majaribio 230. Kwa hiyo atapata dau moja mara 229, kisha atatoa 255. Tulikaa tukajumlisha usiku wote kumi na mmoja, siyo kwa idadi ya usiku bali kwa madau. Ilitoka chini kwa 163. Alinyamaza muda mrefu. Sikufurahi hata kidogo. Nilimjua mtu huyo wa kwenye karatasi, kwa sababu mimi pia nilikuwa nazikumbuka jioni nzuri kwa majina na mbaya kwa udhuru.

Akaniuliza kuhusu Phil Ivey, mcheza poka maarufu wa Marekani, kama kila mtu anavyouliza. Ni kweli, mwaka 2012 jijini London Ivey alishinda pauni milioni 7.7 kwenye aina moja ya bakarati. Hakuhesabu, wala hakufuata viduara. Michoro ya mgongoni mwa karata zile haikuwa sawa ukingo kwa ukingo, na mwenzake alimwomba mgawaji azigeuze karata nzuri upande mmoja kwa kisingizio cha bahati. Baada ya hapo alikuwa anaisoma karata kabla haijafunuliwa. Kasino ilikataa kulipa, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba ule ulikuwa udanganyifu. Kufikia mwaka 2011 mcheza kamari Don Johnson alikuwa amezitoa kasino tatu za Atlantic City jumla ya kama dola milioni 15 kwa blekijeki, naye hakuhesabu karata. Alikuwa mtu wa madau makubwa mno, kasino zilimhitaji, akajadiliana nazo hadi zikakubali masharti laini na kumrudishia asilimia 20 ya hasara yake. Faida aliipatia kwenye makubaliano, kabla karata ya kwanza haijagawiwa. Mimi na wewe hatutapewa makubaliano hayo.

Poka ni habari nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo pekee mtu wa kawaida anayeweza kuifikiria kwa uzito, kwa sababu pale huchezi na nyumba. Nyumba inachukua makato yake kwenye kila chungu cha madau na kukaa pembeni. Pesa unazipata kwa walioketi nawe. Unachohitaji ni kuwazidi kwa kiasi kinachofunika makato, na kuwapata watu wa namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kujifunza mchezo wenyewe. Hata huko bahati ni nzito. Mwaka 2017, programu ya Libratus ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilipopambanishwa na mabingwa wanne huko Pittsburgh, walicheza mikono 120,000 kwa siku 20, na karata zile zile zilitumika mara mbili huku pande zikiwa zimegeuzwa, ili anayepewa mkono mbaya huku mwenzake apewe mzuri kule. Hivyo ndivyo watu wanaotaka kujua ukweli wanavyolazimika kufanya. Sisi tunaamua kwa Ijumaa moja.

Nilimweleza rafiki yangu yote haya, na mwishowe akasema jambo la haki kabisa: tupime. Tukanunua pakiti nane, tukakaa sakafuni, mimi nikawa mgawaji. Tulicheza visanduku vitatu, karibu siku nzima, kila mkono nikiuandika. Nane mfululizo haikutokea hata mara moja, na mfumo wake ulimaliza ukiwa juu kwa zaidi ya madau 100. Nilikuwa nimeshahesabu kabla hatujaanza kwamba nafasi ya hilo kutokea ni zaidi ya nusu, na nilikuwa nimemwambia. Alinitazama hata hivyo, akiwa na lile tabasamu.

Nikazikusanya zote 416 nikaanza kuzichanga. Ukitaka kuzichanga sawasawa zinakula kama dakika kumi. Yeye akachora safu mpya za viduara, tukaanza kisanduku cha nne.